Picha ya ridhaa huponya, ya wizi huumiza

Kabla ya simu za mkono kuenea, kupigwa picha mjini kulikuwa na utaratibu wake. Katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na karibu na zile Pembe za Ndovu mjini Mombasa, mpigapicha alitembea na kamera shingoni na picha za mfano mkononi. Alikusalimu, akakuonyesha kazi yake, mkapatana bei. Ulirekebisha kola, ukasimama ulivyotaka, naye akabonyeza. Filamu ikisafishwa, picha ilikuwa yako. Kule kivukoni Likoni, katika miaka ya 1990, palikuwa hata na vibanda vilivyopambwa kwa vitambaa vya kuchorwa, na msafiri alitoka hapo na picha iliyomwonyesha vile alivyotaka jamaa zake wamwone.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo wengi wetu hatukuitambua wakati huo. Mwenye sura ndiye aliyekuwa na usemi. Yeye ndiye aliyeamua kama atapigwa picha, atasimama vipi, na nani ataiona. Leo karibu kila mkono una kamera. Mtu huvuka barabara ya Tom Mboya akienda zake, na kabla hajafika upande wa pili sura yake imekwisha kuchukuliwa, ikatumwa kwa watu asiowajua na kuandikiwa maneno asiyoyasema.

Wengi wetu tukifanyiwa hivyo tutakasirika, kisha tutasahau. Lakini wako Wakenya ambao picha moja ya aina hiyo yaweza kuwagharimu nyumba, kazi, matibabu na hata uhai. Hao ni watu wanaoitwa transijenda, yaani watu ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mmoja aliandikwa mvulana ilhali anajijua ni mwanamke. Mwingine aliandikwa msichana naye anajijua ni mwanamume.

Msomaji asiwachanganye na huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike kamili wala ya kiume kamili. Sensa ya mwaka 2019, iliyokuwa ya kwanza nchini kuwahesabu, iliandikisha watu 1,524 wa hali hiyo. Transijenda hawakuwa na fungu lao katika sensa hiyo. Serikali haina hesabu yao, na mwananchi wa kawaida huwajua tu kupitia zile picha zinazorushwa kwenye simu, nyingi zikiwa za dhihaka.

Kuhusu jambo hili nimesikia hoja mbili. Ya kwanza husema watu hawa wajifiche, wasionekane barabarani kabisa. Ya pili, ambayo hutolewa na baadhi ya watetezi wao, husema wapigwe picha na kuonyeshwa kila mahali ili jamii iwazoee. Mimi naonelea kwamba hoja zote mbili zimemsahau mwenye sura. Kuonekana kwaweza kumpa mtu afya, lakini hata dawa nzuri humdhuru mtu akikamatwa na kunyweshwa kwa nguvu. Swali la kuuliza ni kama aliombwa.

Si ugonjwa wa akili

Kwa nini suala la picha liwe katika ukurasa wa afya? Kwanza ni vyema ieleweke kwamba kuwa transijenda si wazimu. Mwezi Mei mwaka 2019, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo hali hii iliondolewa katika fungu la magonjwa ya akili na kuwekwa katika fungu linalohusu afya ya kijinsia, ili anayehitaji huduma ya daktari asikose kuipata.

Hata hivyo, watu hawa huugua sana mfadhaiko na huzuni, na wengi wamewahi kufikiria kujiua. Wataalamu wanaeleza kwamba sababu kubwa ni mambo wanayotendewa: kuzomewa, kufukuzwa nyumbani, kupigwa na kuishi katika hofu ya kutambuliwa. Mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa katika tahadhari mchana na usiku. Hofu ikidumu, usingizi hupotea, moyo hudunda ovyo, shinikizo la damu hupanda na mtu huanza kutafuta nafuu katika pombe.

Utafiti mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2018 uliwachunguza vijana 129 wa hali hii. Waliulizwa kama jina walilojichagulia hutumika nyumbani, shuleni, kazini na miongoni mwa marafiki. Watafiti waliona kwamba kwa kila mahali pamoja pa ziada ambapo jina hilo lilitumika, mawazo ya kutaka kujiua yalikuwa yamepungua kwa asilimia 29. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuhusu picha. Lakini funzo lake ni wazi. Mtu akitambuliwa kwa namna aliyoichagua mwenyewe, afya yake hupata nafuu. Picha nayo ni namna ya kutambuliwa. Ndiyo maana yaweza kujenga, na ndiyo maana yaweza kubomoa.

Funzo kutoka Paris na Durban

Wako wapigapicha walioonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa kwa heshima. Mmoja wao ni Christer Strömholm, raia wa Sweden aliyeishi Paris mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960. Karibu na uwanja wa Place Blanche, mtaa wenye vilabu vya usiku, alikutana na wanawake transijenda. Baadhi walifanya kazi katika vilabu hivyo, na wengine waliuza miili yao ili wapate pesa za upasuaji. Siku hizo polisi wa Ufaransa waliwasumbua na kuwakamata kwa sababu ya mavazi yao tu.

Strömholm hakusimama ng'ambo ya barabara na kuwapiga picha kwa siri. Alikaa katika hoteli zile zile walizokaa wao, akafanya urafiki nao, akawapiga picha usiku kwa mwanga wa taa za mtaani. Kitabu chenye picha hizo kilitoka mwaka 1983, baada ya miaka kama ishirini. Ukizitazama picha hizo hutaona watu walioshtukizwa. Utaona wanawake wanaomtazama rafiki yao.

Karibu nasi zaidi yuko Zanele Muholi wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Umlazi, karibu na Durban, mwaka 1972. Tangu mwaka 2006 Muholi amekuwa akipiga picha za sura za wanawake weusi wanaopenda wanawake wenzao pamoja na watu transijenda. Anaowapiga picha huwaita washiriki, kwa kuwa wao pia wana sauti katika kazi hiyo. Humtazama mtazamaji machoni bila kuinamisha kichwa.

Baadhi ya picha zake za wanawake transijenda alizipiga katika ufuo wa bahari wa Durban. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi. Enzi za ubaguzi wa rangi, fuo za Afrika Kusini ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga sehemu zilizotengewa Wazungu. Kwa hivyo mwanamke anaposimama hapo leo, mchana kweupe, kwa hiari yake, anasema kwamba mahali pa umma ni pa umma wote.

Lakini hata Muholi alionja hatari ya kazi hiyo. Mwezi Aprili mwaka 2012 nyumba yake mjini Cape Town ilivunjwa, na vifaa vilivyohifadhi kazi ya miaka kadhaa vikaibwa. Jambo hilo lilitokea Afrika Kusini, nchi ambayo katiba yake huwalinda watu hawa na ambayo ina sheria ya mwaka 2003 inayomruhusu mtu kubadilisha jinsia iliyoandikwa katika rekodi za serikali. Kama kuna hatari huko, sisi tusio na sheria kama hiyo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Kamera ya aibu

Hapa kwetu kamera imewahi kutumiwa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtu transijenda aliyelalamika kwamba polisi wa Thika walimvua nguo mbele ya waandishi wa habari. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba heshima ya mlalamishi ilivunjwa na akaagiza alipwe Sh200,000.

Fikiria jambo hilo, msomaji. Mshukiwa yeyote, awe mwizi wa kuku au mlaghai wa mamilioni, hupelekwa kortini akiwa amevaa nguo zake. Huyu alivuliwa ili watu watosheleze udadisi wao. Pesa zaweza kulipwa, lakini macho yaliyokwisha kuona hayawezi kufunikwa tena.

Miaka mingi baadaye tabia hiyo ilikuwa haijaisha. Mwezi Agosti mwaka 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliagiza mwanamke transijenda alipwe Sh1 milioni. Alikuwa amekamatwa mwaka 2019, akapekuliwa mwili na kufanyiwa uchunguzi ili jinsia yake ibainishwe. Jaji aliitaka serikali itayarishe sheria ya kuwalinda watu hawa. Mahakama zimesema mara mbili kwamba mwili wa mtu si maonyesho ya mtaani.

Kuna na picha nyingine ambayo tunaisahau, nayo ni ile ya kitambulisho. Askari wa langoni, karani wa benki na mhudumu wa hospitali wote huitazama picha hiyo kisha wakakutazama usoni. Anayeonekana mwanamke huku kipande chake kikisema mwanamume hulazimika kueleza maisha yake yote mbele ya foleni. Bi Audrey Mbugua alipigania jambo kama hilo kuhusu cheti chake cha shule ya upili, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Wachache wana ujasiri na uwezo wa kwenda kortini. Wengi huamua kukaa nyumbani.

Na kukaa nyumbani ndiko kunakoua. Mtu akishajua kwamba njia ya kwenda kliniki ina watu wenye simu mkononi, hataenda kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Hataenda kupimwa kifua kikuu wala shinikizo la damu. Atanunua homoni kichochoroni, ajidunge sindano bila kupimwa damu, na siku damu ikiganda mguuni atakuwa amechelewa. Huyo kijana aliyempiga picha kwenye stendi ya matatu akiwachekesha wenzake hatajua kamwe kwamba aliufunga mlango wa hospitali.

Barabara ni ya nani?

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza ni wapigapicha wenyewe. Watasema barabara ni ya umma, na anayetoka nje amekubali kuonekana. Ni kweli kwamba barabara ni ya umma. Lakini kuonekana na jirani kwa dakika moja si sawa na kuwekwa mahali ambapo watu elfu kumi watakutazama kwa miaka kumi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu, na katika kifungu cha 31 inalinda faragha yake.

Isitoshe, tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo picha inayomtambulisha mtu ni habari yake ya kibinafsi. Ni kweli kwamba waandishi wa habari na wasanii wamepewa nafasi yao, lakini si ruhusa ya kufanya watakavyo. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi iliamriwa kulipa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao bila idhini yake. Ikiwa mnywaji wa Jumamosi analindwa hivyo, kwa nini anayekwenda kliniki asilindwe?

Wa pili ni wale watakaosema kwamba dini na mila haziwakubali watu hawa. Simwombi msomaji yeyote abadili imani yake. Ninachomwomba ni kidogo zaidi ya hapo: asimdhuru mtu ambaye hajamkosea. Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Walimsifu anayeficha aibu ya mwenzake, hawakumsifu anayeitangaza sokoni. Hata lugha yetu ina adabu hiyo. Tunaposema "amekuja" au "anaumwa", hatuulizi kwanza kama ni mume au mke. Tunasema mtu amekuja, na mtu anaumwa.

Wa tatu ni marafiki wa watu hawa, na hawa ndio ninaowahofia zaidi kwa sababu wanakusudia mema. Mashirika mengi hufanya semina na kupiga picha za waliohudhuria ili kuwaonyesha wafadhili kwamba pesa zimetumika. Mhudhuriaji hupewa karatasi ya ridhaa pamoja na nauli na chakula cha mchana. Je, mwenye njaa atakataa kutia sahihi? Ridhaa iliyofungwa pamoja na nauli si ridhaa kamili. Wafadhili waonyeshwe stakabadhi na hesabu, na sura za watu ziachwe.

La kufanya

Kwa hivyo tufanyeje? Naonelea wapigapicha wa mitaani wairudie ile adabu ya zamani, na waongeze mambo machache ambayo simu imeyafanya kuwa ya lazima.

Omba kabla ya kubonyeza. Anayeombwa baada ya kupigwa picha amewekwa kona. Akikataa, mshukuru uende zako bila kumuuliza sababu.

Mweleze picha itakwenda wapi. Kupachikwa ukutani katika maonyesho ni jambo moja, kuwekwa kwenye mtandao ni jambo jingine. Mtu aweza kukubali hili akakataa lile.

Mwonyeshe picha na umpe nakala. Kwa mtu ambaye picha zake zote za utotoni zinamwonyesha asivyojijua, picha moja nzuri aliyoichagua mwenyewe yaweza kuwa kitu cha thamani kuliko pesa.

Ficha alama za mahali. Lango la ploti, namba ya matatu ya mtaani kwao, bango la kliniki, vyote vyaweza kumwelekeza mwenye nia mbaya. Kumbuka pia kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa. Ondoa habari hizo kabla ya kuituma.

Kubali akibadili nia. Aliyekubali akiwa na miaka 19, bila kazi wala mtoto, aweza kuwa na sababu nzuri ya kukataa akiwa na miaka 30. Si kila picha iliyokwisha kusambaa yaweza kurudishwa, lakini ile iliyo mikononi mwako waweza kuiondoa.

Hospitali na kliniki nazo ziweke sheria kali ya kutopiga picha katika vyumba vya kungojea, na sheria hiyo iwahusu hata wafanyakazi wake. Wahariri wa magazeti na televisheni waache kuonyesha sura ya mtu aliyekamatwa au kupigwa kwa sababu tu mavazi yake yamewashangaza watu. Aliyepigwa picha kwa njia ya kumdhalilisha naye asikae kimya. Aende kituo cha polisi apate namba ya OB, kisha apeleke malalamishi yake kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ahifadhi nakala ya kilichosambazwa kabla hakijafutwa. Na kama huzuni imemlemea, amwone mshauri wa afya ya akili mapema.

Mwisho ni sisi, wananchi wa kawaida. Wengi wetu hatutawahi kupiga picha ya aina hii, lakini tutatumiwa. Itaingia kwenye simu usiku, ikiwa na maneno ya kuchekesha chini yake. Wakati huo kila mmoja wetu ana uwezo ambao jaji hana. Jaji huamua baada ya miaka, jeraha likiwa limeshatunga usaha. Wewe waweza kuamua papo hapo. Ifute, usiitume mbele, na umwambie aliyekutumia kwa nini hutaituma. Kuna mtu ambaye kesho asubuhi atataka kuvuka barabara aende kuchukua dawa zake, na kufika kwake huenda kukategemea utakachofanya wewe usiku huo.